Chebe Katika Nyumba ya Eda

Kila asubuhi, kabla hata ya kumsalimia mtu, Kaltuma aliinua mto wake na kuanza kuokota nywele. Zilikuwa vipande vifupi, vingine havifiki urefu wa kidole, vimetapakaa juu ya mkeka kama mabua yaliyosazwa na mbuzi. Alivitazama kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlangoni. Nywele inayong'oka na mzizi wake haimtii mtu wasiwasi, maana kichwa kitaotesha nyingine. Hizi hazikuwa na mizizi. Zilikuwa zinakatika, na nywele inayokatika ni miaka ya kazi inayopotea, tena kazi ya mikono ya watu. Alivitia vyote kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akalirudisha nyuma ya sanduku la nguo, hadi siku atakayoruhusiwa kutoka nje akavifukie mwenyewe. Huku Mongo nywele za mtu haziachwi ovyo zikaokotwa na asiyempenda.

Alikuwa amekaa eda. Mumewe, Adum, alikwenda mnada wa ng'ombe kule Bitkine akiwa mzima wa afya, akarudi ana homa, na wiki haikuisha akafariki. Tangu hapo Kaltuma hakuvuka lango la ua. Alikuwa na lafai yake nyeupe ya kujifunga mwili mzima, mkeka, tasbihi, na wageni waliokuja kumchunguza wakijifanya wamekuja kumpa pole. Hina marufuku, wanja marufuku, udi marufuku. Na chebe, ule unga wa kupaka nywele zisikatike, ndiyo marufuku kuliko vyote, kwa sababu mbegu zake husagwa pamoja na karafuu na kokwa za mahlabu zenye harufu, kisha unga hutiwa matone ya marashi, na mwanamke aliyeupaka hujulikana amepita wapi hata akishapita zamani.

Mtu wa mbali atasema, nywele tu hizo, zitaota tena. Mtu wa mbali aseme atakavyo. Hakuwepo Kaltuma alipoingia nyumba ile akiwa bi harusi mwenye nywele za kugota shingoni, ncha zimepasuka, zimesimama huku na huku. Mama mkwe wake, Hajje Ambaraka, alimvua mtandio, akakishika kile kichwa, akaguna.

"Nani alikuwa anakuchana? Adui yako?"

"Mama yangu mdogo."

"Mpe salamu zangu, na mwambie asiguse tena kichwa cha mtu."

Kuanzia siku hiyo alimkalisha chini, katikati ya magoti yake, na hakumwachia mtu mwingine. Chanuo lilianzia kwenye ncha, likapanda taratibu kuelekea juu, halikuanzia juu hata siku moja. Maji kwanza, kisha mafuta ya ufuta, kisha unga, kuanzia chini ya sikio hadi mwisho wa nywele, bila kugusa ngozi ya kichwa. Halafu kusokota. Baada ya siku kadhaa wanapaka tena juu ya ule wa zamani, bila kuosha. "Kichwa kinaotesha chenyewe, hakihitaji msaada wako," alikuwa akisema. "Kazi yako ni kuzilinda zisikatike. Basi." Miaka ikaenda. Nywele zikapita mabega, zikapita mgongo, zikafika mahali ambapo Kaltuma akikaa bila kuangalia anazikalia. Wanawake wa mtaa wetu waliompenda walisema mashaallah, na wasiompenda walisema mashaallah hiyohiyo huku wamebinya midomo. Adum yeye alizoea kuwatania. "Nyie wawili mnasukana," alisema, "mimi ndiye ninayelala na karafuu puani."

Siku ya mazishi ni mikono ileile ya Hajje iliyomwinamisha Kaltuma juu ya karai na kuitoa chebe yote. Maji yalitoka ya kahawia, yakamwagwa, yakaja mengine ya kahawia. Hajje hakumlilia mwanawe mbele za watu, lakini juu ya karai lile alilia kwa sauti. Ulikuwa msimu wa upepo wa vumbi kutoka kaskazini, ule unaopasua midomo na visigino. Wanawake wakabishana kama mjane anaruhusiwa kupaka mafuta matupu yasiyo na harufu. Mmoja akasema hayana neno, mwingine akasema mafuta ni pambo. Hajje akachagua lililo gumu zaidi, kama kawaida yake.

"Mwanangu hatasemwa akiwa kaburini," alisema. "Na mtoto atalala kwangu."

Mtoto ni Amjuma, binti pekee wa Kaltuma, miaka minane, meno mawili ya mbele hayajamaliza kuota.

"Mama, Amjuma hajawahi kulala mbali nami."

"Kichwa chake kimejaa chebe. Akikulalia kifuani, kesho utanuka wewe. Nani atauliza harufu imetoka kwa nani?"

"Basi tumwoshe na yeye."

"Mtoto hana eda!" Sauti ya Hajje ilipasuka. "Nywele zile nimezilea tangu hajajua kufunga kiatu. Za kwako nimeshaziosha. Usinitake niziharibu na za mjukuu wangu."

Likawa hilo. Kaltuma alilala peke yake na kuamka na vipande juu ya mkeka. Kilichomuuma si nywele tu. Alikuwa amezoea mguu mdogo wa Amjuma kumpiga teke ubavuni usiku kucha, na sasa hakuna aliyemgusa. Watu walimpa mkono kwa ncha za vidole, kama aliyemwagikiwa kitu.

Siku za kupaka chebe ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Hajje alikaanga mbegu uani, akazitwanga, akazichekecha, na harufu ikaingia chumbani bila kubisha hodi. Mama wa maiti huacha manukato siku tatu tu, mke ndiye mwenye miezi minne na siku kumi. Ndivyo sheria ilivyo na Kaltuma hakubishana nayo. Lakini kusikia mchi wa mkwewe ukitwanga karafuu ilhali yeye kichwa chake kinakauka kama kuni, kulimkera, na kukerwa kwenyewe kulimtia aibu. Kutoka pale alipokuwa amekaa aliwasikia bibi na mjukuu wakifundishana, maana Hajje alikuwa amempa Amjuma kichwa chake mwenyewe ajifunzie.

"Unasokota kinyume! Unafunga mbuzi au unasuka mtu? Mkono wa kulia utangulie."

"Wa kulia haujui, Bibi."

"Uufundishe."

"Nimeufundisha. Haukusikia."

Kaltuma alicheka peke yake. Amjuma alikuwa mtu wa mkono wa kushoto tangu anatambaa, na kila msokoto aliousokota ulielekea upande usio wake. Hajje alikuwa ameapa kumnyoosha.

Walipomaliza, mtoto alikuja kusimama kizingitini. Ndiyo ilikuwa amri, asivuke. Misokoto yake mipya ilimfika kiunoni, inang'aa mafuta.

"Mama, kwa nini unaziweka kwenye kopo?"

"Ili nizizike."

"Kama Baba?"

"Siyo kama Baba. Nywele ni nywele tu."

"Zitaisha?"

"Haziishi."

"Bibi anasema bila chebe zinaisha."

"Bibi anasema mengi. Kaa hapohapo, usisogee."

"Sijasogea." Alivipanga vidole vya miguu sawasawa kwenye ukingo wa kizingiti. "Ukilia, nywele zinakatika zaidi?"

"Nani amekwambia nalia?"

"Ukuta wa Bibi ni mwembamba," alisema Amjuma, na bibi yake akamwita kutoka uani.

Siku iliyofuata joto lilikuwa kali, na Hajje alikwenda kwa jirani kumtazama mgonjwa. Baada ya sala ya adhuhuri Kaltuma alijilaza, uso ukutani, usingizi ukampitia. Kilichomwamsha ni ubaridi wa maji mgongoni. Kisha vidole. Vilikuwa vidogo, vinapitisha maji kwenye ncha za nywele zake kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Kisha mafuta. Halafu harufu ikafumka, karafuu na mahlabu na ule uchungu wa mbegu zilizokaangwa, na Kaltuma akawa macho kabisa.

"Maji kwanza," Amjuma alikuwa akijinong'oneza, anapumulia mdomoni. "Halafu mafuta. Halafu unga. Usiguse ngozi. Usiguse ngozi."

Neno moja tu lilitosha. Angegeuka, angesema "Amjuma, acha," na mambo yote yangeishia pale na karai la maji. Hakusema. Alifumba macho zaidi. Tangu siku ile ya karai hakuna mkono uliomshika kwa mapenzi, na sasa kulikuwa na mikono miwili midogo mgongoni kwake, na nywele zake zilizokuwa zikilia kila akigeuka zimenyamaza, zinakunywa mafuta. Alijiambia mtoto akimaliza ataamka aoshe. Alijiambia akiamka sasa atamtisha. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa uongo. Alilitaka lile jambo, akalipokea kwa kujifanya amelala.

Misokoto mitatu ilikuwa imekamilika, kisogoni, wakati lango la ua lilipolia. Amjuma alikurupuka, akatoka mbio. Hajje aliingia uani, akaketi karibu na mtungi, na pale ndipo maji yote ya nyumba yalipokuwa. Kaltuma hangeweza kuosha kichwa mbele yake bila kuulizwa. Akakifunga kichwa kwa kitambaa, juu yake akaongeza kingine, akajifunika lafai. Kesho alfajiri, alisema. Alfajiri ilipofika aliinua mto. Vipande vilikuwa vichache, vichache kweli. Akavitazama muda mrefu. Maji yalikuwepo, Hajje alikuwa bado amelala, na Kaltuma hakuosha.

Jua lilipopanda, Izze aliingia. Izze alikuwa dada mkubwa wa Adum, ameolewa ng'ambo ya ukuta tu, na kila asubuhi alileta uji wa mchele na karanga kwa mjane wa nduguye. Watu walimwita mkorofi, lakini uji ule hakuukosesha hata siku moja. Alimpenda Adum kwa namna isiyobakiza nafasi ya mwingine, na kwa kuwa Adum hayupo tena, kilichobaki cha kulinda kilikuwa jina lake.

"Hodi! Mke wa ndugu yangu, umeamkaje?"

"Salama, wifi. Karibu."

Izze aliinama kuweka bakuli chini, na hakuinuka. Pua zake zilitanuka.

"Nini hiki?"

"Nini, wifi?"

"Usiniulize nini. Karafuu hii."

"Labda mto..." Kaltuma alianza, akajiuma ulimi. Neno lilikuwa mtoto. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Labda nini? Vua kitambaa."

"Wifi, niache."

"Vua, nasema!" Aliking'oa mwenyewe, na cha pili chini yake, na harufu ikajaa chumba. "Toba! Mama! Mama, njoo uone! Udongo wa ndugu yangu haujakauka, huku mtu anajitia marashi! Nani anakuja hapa? Eh? Anaruka ukuta upande upi, nikamsubiri na mchi?"

"Hakuna mtu anayekuja. Muogope Mungu, Izze."

"Mimi? Mimi ndiye wa kumuogopa Mungu?"

Vichwa vitatu vinne vilikuwa vimeshachungulia juu ya ukuta. Mtaa wetu hauhitaji kuitwa mara mbili. Hajje Ambaraka alikuja akikokota kandambili, na nyuma yake Amjuma ameshikilia pindo la lafai ya bibi yake.

"Nusa, Mama," alisema Izze. "Nusa mwenyewe, usiseme nimemsingizia. Eda ikiisha huyu arudi kwa kaka zake Melfi, na aende na kopo lake. Mtoto anabaki. Binti wa Adum halelewi na mwanamke aliyeshindwa kumkalia mume eda siku mia na kitu tu."

Kaltuma hakusikia tena lolote baada ya neno hilo, mtoto anabaki. Alikuwa akilitarajia kila siku tangu msiba, na sasa limesemwa mbele za watu, hakuna wa kulirudisha kinywani.

Hajje alikaa chini nyuma ya mkwewe kama alivyokaa miaka yote ile. Alizishika nywele. Vidole vyake vilipita kwenye sehemu kavu, vikafika kisogoni, kwenye misokoto mitatu yenye mafuta. Vikaupapasa wa kwanza kutoka juu hadi chini. Vikasimama. Vikaupapasa wa pili. Yote mitatu ilikuwa imesokotwa kuelekea kushoto.

Amjuma alificha mikono mgongoni.

"Nani amekupaka?" Hajje aliuliza.

Mtoto alifungua mdomo. Kaltuma alimwahi. "Mimi. Nimejipaka mwenyewe."

"Huku kisogoni, umejisokota mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mama."

"Kwa mkono gani?"

"Huu," alisema Kaltuma, akainua wa kulia.

Hajje aliutazama ule mkono. Aliutazama hadi Izze akaanza kuhamishahamisha miguu. Neno moja lilikuwa linamtosha Hajje kumwokoa mkwewe, jina la mtoto. Lakini alivijua vinywa vya Mongo. Kabla ya magharibi ingeshasemwa kwamba mjane amemtuma mtoto kuiba, au kwamba binti wa Adum ndiye aliyechezea kaburi la baba yake, na msichana huwa anatembea na maneno kama hayo mpaka siku ya kuposwa.

"Leteni maji," alisema Hajje.

Izze alileta maji na mche wa sabuni ya kufulia. Hakumwachia mtu. Alimwinamisha Kaltuma juu ya karai, akasugua kama anasugua sufuria lililoungua, akamwaga, akasugua tena. Kaltuma alivumilia. Kisha Izze alichukua chanuo, akalichomeka utosini na kulivuta chini.

Nywele isiyo na mafuta inapokatika husikika, na hizi zilisikika. Zilikuwa zimeloa na sabuni, zimejifunga mafundo, na chanuo halikusimama kwenye fundo hata moja.

"Chana kutoka chini," Hajje alisema, polepole.

Izze hakusikia, au alisikia. Alirudisha chanuo utosini na kuvuta, na vishungi vikaanza kuangukia ndani ya karai, virefu sasa, si vipande vya kidole. Kaltuma aliuma lafai yake. Hajje alikuwa ameshika ukingo wa karai kwa mikono miwili na hakurudia maneno yake.

"Kutoka chini, Shangazi!" Amjuma alipiga ukelele uliowafanya hata wa ukutani washtuke. "Kutoka chini! Kutoka chini!"

Izze alisimama. Alilitazama chanuo mkononi mwake, limefunikwa nywele hadi meno hayaonekani, na uso wake ukalegea. Akakaa chini pale pale kwenye tope la sabuni, akalia, na aliyemlilia alikuwa ndugu yake. Alimwita kwa jina la utotoni. Hatimaye alijifuta, akainuka.

"Mtoto atalala kwangu mpaka eda iishe," alisema, sasa bila kelele. "Isiwepo chebe ndani ya nyumba hii, isiwepo sababu. Baadaye tutaongea habari ya Melfi. Nitakuja kumchukua baada ya alasiri."

Hajje aliitikia kwa kichwa.

Ukuta ulipobaki bila vichwa, wakabaki wawili. Kilichokuwa kimeokoka kichwani mwa Kaltuma kilifika begani upande mmoja, na upande mwingine hata begani hakikufika. Hajje alikuwa anaokota nywele ndani ya karai, anazikamua maji.

"Umeujua msokoto, Mama," alisema Kaltuma.

"Nimeujua."

"Na umenyamaza."

"Na wewe ulinyamaza alipokuwa anakupaka. Nimekusuka miaka yote hii, Kaltuma. Najua shingo yako ikiwa imelala na ikiwa macho. Hukulala."

Kaltuma aliushika mkono wa mkwewe. Ilikuwa kweli tupu.

"Usimwache Izze amchukue. Nakuomba. Nywele zimekwenda, ziende. Mtoto nisaidie."

"Nikimkatalia ataniuliza sababu. Nimwambie nini?"

"Mwambie kweli."

"Kweli ipi? Kwamba mtoto ameiba chebe akampaka mama yake ndani ya eda ya baba yake, na mama akajilaza kimya akipakwa? Ukimwambia hiyo, hatamchukua kwa muda wa eda tu. Anamchukua moja kwa moja." Alizikunja zile nywele mkononi. Kopo lisingezitosha. Akazifunga kwenye pembe ya lafai yake mwenyewe, fundo kubwa kama la mtu anayesafiri. "Zilikuwa zangu pia," alisema, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. Ilikuwa imechoka tu.

Kaltuma alilia basi, bila kujificha. Alijilaumu kwa adhuhuri ile moja ya raha. Alijilaumu hata kwa kuikumbuka vizuri.

Adhana ya alasiri ikaita. Hajje akatandika mswala wake, akasali, akatoa salamu, akaangaza huku na huku. Mtoto hakuonekana. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa furushi dogo karibu na mlango, lakini mwenyewe hayupo. Walimwita. Nyuma ya jiko maji yalikuwa yanamwagika, yanakoma, yanamwagika tena.

Amjuma alitokea akitembea kwa shida kama aliyebeba mzigo kichwani. Misokoto yake yote ilikuwa imefumuliwa. Nywele zilimganda usoni, shingoni, kiunoni, zinachuruzika, na gauni lake lilikuwa na michirizi ya kahawia hadi miguuni. Macho yalikuwa mekundu kwa sabuni. Alipofika kizingitini hakupanga vidole kwenye ukingo. Alivuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa mama yake.

"Amjuma! Umefanya nini?"

"Nimeosha. Zote. Nimetumia sabuni ya Shangazi." Aliinamisha kichwa hadi kikamgusa Kaltuma kifuani. "Nusa."

Kaltuma alinusa. Ilikuwa harufu ya sabuni ya kufulia na maji ya mtungi. Alinusa tena, nyuma ya sikio, kwenye kisogo, mahali ambapo chebe huwa haitoki. Hakukuwa na kitu.

"Sasa sinuki," alisema Amjuma. "Naweza kulala kwako."

Hajje Ambaraka alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Miaka yote ya mikono yake ilikuwa inachuruzika sakafuni.

"Hodi!" Izze aliita kutoka langoni. "Mtoto yuko tayari?"

Hajje aligeuka. "Hatoki."

"Mama, si tulikubaliana? Mbele ya watu."

"Nimesema hatoki. Hana harufu. Analala kwa mama yake."

"Na chebe yake?"

"Njoo uangalie mwenyewe kama unaweza kuangalia."

Kandambili za Izze zilikaribia, zikafika nyuma ya Hajje, zikasimama. Aliona kile kichwa kidogo kilicholowa. Chanuo alilolitumia asubuhi lilikuwa bado chini, karibu na karai, na hakuna aliyelitaja. Kisha kandambili ziliondoka taratibu, na hakusema kama atarudi kesho na uji au hatarudi.

Kaltuma alimkalisha Amjuma chini, katikati ya magoti yake. Akaliokota lile chanuo, akalifuta, akashika ncha ya shungi moja na kuanza kutoka chini. Upepo wa vumbi ulikuwa unaingia mlangoni, na nywele zilikuwa zinakauka mikononi mwake huku anaziona.

"Zitakatika, unajua," alisema.

"Kama zako?"

"Kama zangu."

Amjuma alifikiri. "Basi zikatike."

Haikuchukua muda kipande cha kwanza kikaanguka juu ya mkeka. Mtoto alikiona kabla ya mama yake. Akakiokota, akanyoosha mkono wake wa kushoto nyuma ya sanduku la nguo, akalivuta kopo, akalifunua, akakiweka juu ya vile vya mama yake.